Namba za watu ni amana: jibu kwa msomaji wa Wete kuhusu ruhusa za programu za simu

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Wete, nashona na kuuza vitambaa. Mwezi uliopita nilikopa shilingi 80,000 kwenye programu ya simu ambayo kiungo chake kililetwa katika kikundi cha WhatsApp. Nilichelewa kulipa siku nne. Siku ya tano shemeji yangu, mwalimu wa chuo cha wanangu na mteja wangu wa Mkoani walipata meseji zinazosema kuwa mimi ni tapeli na kwamba wao ndio wadhamini wangu. Sikumpa mkopeshaji namba ya mtu yeyote. Wamezipata wapi? Nikiifuta programu, mambo yatakuwa yamekwisha? Na hizi ruhusa ambazo kila programu inaziomba, nikubali zipi na nikatae zipi? Nibadilishe namba?

Jibu: Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu.

Nimeyasoma maelezo yako zaidi ya mara moja, na kabla ya kuingia katika ufundi wa jambo lenyewe napenda kutenganisha mambo mawili ambayo waliotuma meseji zile wanataka uyaone kuwa ni kitu kimoja. Deni lako ni jambo moja, nalo lina njia yake ya kulipwa. Kuchafuliwa jina lako mbele ya shemeji, mwalimu na mteja ni jambo jingine kabisa, wala kuchelewa siku nne hakumpi mkopeshaji haki ya kulitenda. Nayasema haya mapema kwa sababu nimekutana na watu wengi, hasa akinamama, walioinyamazia dhulma ya namna hii kwa kuona haya ya deni, na kunyamaza kwao ndiko kunakowapa nguvu wanaoifanya biashara hiyo.

Sasa, namba wamezipata wapi? Wamezipata katika simu yako, kwa ruhusa uliyoitoa wewe mwenyewe bila ya kuelezwa ni ruhusa ya nini. Simu inayotumia Android, mfumo unaoendesha simu nyingi zisizo iPhone, imejengwa kwa namna ambayo kila programu huwekwa katika chumba chake, na haiwezi kuchungulia chumba cha mwenziwe. Lakini nyumba ina vitu vya pamoja: orodha ya majina, picha, meseji, kamera, maikrofoni na mahali ulipo. Hivyo vimefungiwa, na programu inayotaka kuvifikia lazima ibishe hodi. Zamani hodi hiyo ilikuwa moja tu, wakati wa kuiweka programu: unakubali yote kwa pamoja au huipati programu. Tangu Android 6, iliyotoka mwaka 2015, kila kitu kikubwa kinaombwa peke yake, programu ikiwa tayari imo ndani ya simu. Siku ile ulipoifungua programu ya mkopo, kidirisha kilitokea kikiuliza kama unairuhusu ifikie anwani zako. Neno hilo "anwani" limewakosesha wengi, kwa sababu mtu hudhani anaulizwa anakaa wapi. Kinachoulizwa hapo ni orodha yote ya watu uliowahifadhi.

Ukishabonyeza "Ruhusu", ruhusa hiyo haina nusu. Programu haioni namba moja unayotaka kuionesha. Inasoma orodha nzima, majina kama ulivyoyaandika, namba zote za kila mtu, barua pepe, na hata maelezo mafupi uliyoyaweka pembeni. Orodha ya majina 400 ni faili dogo kuliko picha moja ya simu, na huweza kufika kwenye seva ya mkopeshaji, yaani kompyuta yake ya kuhifadhia taarifa, kabla hujamaliza kujaza fomu ya maombi. Wala usitarajie kuwa simu itakuuliza mara ya pili kabla faili hilo halijatoka nje, kwa sababu ruhusa ya kutumia intaneti ni katika zile ambazo Android huipa programu papo hapo inapowekwa, bila ya kumuuliza mtu. Mlango wa kutokea uko wazi siku zote. Kinacholindwa ni mlango wa kuingilia tu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitii akilini. Tazama jinsi unavyoyaandika majina katika simu yako. Sisi huku hatuandiki jina kamili la mtu, tunaandika uhusiano wetu naye: Shemeji Chake, Maalim wa Chuo, Mama Mkwe, Mteja Mkoani, Mke wa Kaka. Anayeipata orodha hiyo hakupata namba tu. Amepata ramani ya ukoo wako na ya biashara yako, na anajua ni nani ukimwonea haya zaidi. Kwa hiyo sidhani kwamba shemeji, mwalimu na mteja waliangukiwa na meseji hizo kwa bahati mbaya. Yumkini waliteuliwa kwa majina uliyowapa wewe, na kama una mtu uliyemhifadhi kwa jina la "Mume wangu" au "Baba", basi mtanabahishe mapema, kwani huenda yumo katika safu ya wanaofuata.

Hapa pana nukta ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha jibu lote. Tunazungumza kuhusu faragha kana kwamba kila mtu analinda ya kwake, na mtu husema, "Mimi sina cha kuficha, waache waone." Lakini orodha ya majina si yako. Mwalimu wa chuo alikupa namba yake ili umwarifu mtoto akiumwa. Mteja wa Mkoani alikupa ili umjulishe mzigo ukifika. Kila mmoja alikupa amana kwa shughuli maalumu, na hakuna hata mmoja aliyekupa idhini ya kumkabidhi mtu wa tatu asiyemjua. Programu inapokuomba orodha hiyo, inakuomba ukubali kwa niaba ya watu 400 ambao hawapo mbele yako. Sikulaumu, dada yangu, kwa sababu hukuelezwa, na aliyekuuliza aliuliza kwa namna ya kutaka usielewe. Lakini nataka kila anayesoma jibu hili alitazame jambo hili kwa jicho la amana.

Dunia imeshaona ukubwa wa madhara ya ridhaa ya namna hii. Mwaka 2018 ilibainika kwamba programu moja ya maswali ya kupima tabia iliyokuwa ndani ya Facebook ilitumiwa na watu wapatao 270,000, na kwa kuwa mfumo wa wakati huo uliiruhusu programu kuchukua pia taarifa za marafiki wa aliyejiunga, waliochukuliwa taarifa zao walifikia hadi milioni 87 kwa hesabu ya Facebook yenyewe. Taarifa hizo ziliishia mikononi mwa kampuni ya Cambridge Analytica iliyokuwa ikifanya kazi za kampeni za kisiasa. Hao mamilioni hawakubonyeza kitu. Waliobonyeza ni jamaa na marafiki zao.

Swali lako la pili ni kama kuifuta programu kutamaliza mambo. Hapana. Ukiifuta, ruhusa inakufa, na haitaweza tena kusoma chochote katika simu hiyo. Lakini nakala iliyokwishatoka haimo katika simu yako, na hakuna kitufe cha kuirudisha. Hata hivyo kuifuta ni lazima, kwa sababu kila jina jipya unaloliongeza leo nalo linaweza kusomwa. Ila usiifute kwa hasira kabla ya kukusanya ushahidi. Piga picha ya skrini ya jina la programu na nembo yake, ukurasa wa mkopo unaoonesha kiasi ulichopokea na kiasi unachodaiwa, masharti kama yameandikwa, na ukurasa wa ruhusa ulizoipa. Waombe shemeji, mwalimu na mteja wakutumie picha za meseji walizozipata, namba ya mtumaji na saa vionekane. Hifadhi pia kile kiungo cha WhatsApp na tarehe kilipoletwa. Baada ya hapo ondoa ruhusa zote, kisha futa. Deni lenyewe lilipe kwa njia inayoacha risiti, wala usitume fedha kwenye namba ya mtu binafsi anayekupigia na kujiita afisa wa kampuni.

Kiungo hicho kinanieleza mengi. Google iliweka sharti, lililoanza kutumika tarehe 31 Mei 2023, kwamba programu za mikopo binafsi zilizomo katika Play Store, duka lake la programu, haziruhusiwi kuomba orodha ya majina wala picha za mteja. Programu inayokuomba anwani kwa ajili ya mkopo basi ama imelivunja sharti hilo, ama imekujia kwa njia ya pembeni: faili la programu linalotumwa kwa WhatsApp, linaloingizwa na kijana wa dukani, au linaloshushwa kutoka tovuti isiyojulikana. Faili la namna hiyo halikupita katika ukaguzi wa duka la Google. Simu yenyewe hukuonya kwamba unaweka programu kutoka chanzo kisichojulikana, na onyo hilo watu wamezoea kulipita kama anayeruka kidimbwi cha maji. Kwa upande wa leseni, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwezi Novemba 2024 orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakitoa mikopo mtandaoni bila ya idhini yake. Itafute orodha hiyo uone kama aliyekukopesha yumo, na ukimkosa, usichukulie kuwa ndiyo ithibati ya uhalali wake.

Unazo haki, na zimeandikwa. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 katika kifungu cha 15, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano katika ibara ya 16, zote mbili zinampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, ya familia yake na ya mawasiliano yake. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia, ambayo ilizinduliwa rasmi mwezi Aprili 2024. Msingi wake mmoja unakuhusu moja kwa moja: taarifa zilizokusanywa kwa lengo fulani zisitumiwe kwa lengo jingine. Hata kama ulikubali namba zisomwe ili maombi yako yapimwe, hukukubali zitumiwe kuwafedhehesha watu. Wapo wanaouliza kama sheria hiyo inafika Visiwani. Inafika, isipokuwa haigusi mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano, na mawasiliano ya simu pamoja na shughuli za benki yamo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Juu ya hayo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumlazimisha, kumsumbua au kumtia huzuni. Waliopokea meseji zile nao wana haki ya kulalamika kwa nafsi zao. Shemeji yako hana deni na mtu yeyote katika jambo hili. Kwa hiyo peleka malalamiko kwa Tume, toa taarifa polisi Wete ukiwa na picha zako zimepangwa kwa tarehe, na umwandikie mkopeshaji, kwa maandishi, ukimtaka afute taarifa zako na za watu waliomo katika orodha yako.

Nije sasa kwenye ruhusa zenyewe. Sitakupa orodha ya zilizo halali na zilizo haramu, kwa sababu ruhusa ile ile ni haki kwa programu moja na ni uvamizi kwa nyingine. Programu ya kupiga picha isipopewa kamera haina kazi. Programu ya tochi ikiomba mahali ulipo, ina lake jambo. Huu wa tochi ni mfano wa kweli: mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani iliichukulia hatua kampuni iliyotengeneza tochi ya simu iliyokuwa imeshushwa mara mamilioni, baada ya kuonekana kwamba ilikuwa ikiwapelekea watangazaji wa biashara mahali alipo mtumiaji pamoja na namba ya utambulisho wa simu yake. Jiulize swali moja tu: kazi niliyoiitia programu hii itakwama wapi nikikataa? Kama huoni itakapokwama, kataa. Ikikwama kweli utaiona, nayo itaomba tena, na wakati huo utakuwa unaijua sababu.

Wala usiogope kukataa. Sisi tumelelewa kwamba mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa hurudi zake bila ya kinyongo. Watengenezaji wa Android wamefika karibu na adabu hiyo hiyo: tangu Android 11 ya mwaka 2020, ukiikatalia programu ruhusa moja mara mbili, mfumo hauiruhusu tena kukutolea kidirisha cha ruhusa hiyo. Kuanzia toleo hilo pia upo uwezo wa kuruhusu mara moja tu, kwa shughuli iliyo mbele yako, ruhusa ikajifunga baadaye. Programu usiyoifungua kwa miezi kadhaa nayo hunyang'anywa ruhusa zake na simu yenyewe.

Ruhusa ya mahali ulipo inastahili maneno zaidi, kwa sababu huku kwetu hutolewa kwa nia safi kabisa: programu za nyakati za sala na kibla. Mwezi Novemba 2020 chombo cha habari cha Marekani kiitwacho Motherboard kiliripoti kwamba programu ya Muslim Pro, inayotumiwa na Waislamu wengi sana duniani, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali kwa kampuni ya X-Mode, na kwamba miongoni mwa wateja wa X-Mode walikuwamo makandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilikanusha kwamba iliuza taarifa kwa jeshi, na ikatangaza kukata uhusiano na kampuni hiyo. Mwezi Januari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaipiga marufuku X-Mode na mrithi wake kuuza taarifa za maeneo nyeti. Nilipoisoma habari ile mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu programu hiyo ilikuwa katika simu ya mama yangu mzazi, na niliyemwekea ni mimi.

Na ukipiga hesabu utaona kwamba mahali penyewe hapahitajiki kwa usahihi huo. Jua hupita nyuzi moja ya longitudo kwa dakika nne, na nyuzi moja huku kwetu karibu na ikweta ni kiasi cha kilomita 110. Kati ya Wete na Mjini Unguja pana kiasi cha nusu nyuzi, yaani tofauti ya dakika mbili hivi. Programu ikikosea kwa kilomita mbili ndani ya Wete, adhuhuri yako itakosewa kwa sekunde nne au tano, na hakuna muadhini anayeadhini kwa sekunde. Tangu Android 12 ya mwaka 2021 unaweza kuchagua kutoa mahali kwa makadirio, ambako simu hutaja eneo la kiasi cha kilomita tatu za mraba badala ya kutaja nyumba. Ili uone ukubwa wake, Mji Mkongwe wote wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, una hekta 96, haufiki hata kilomita moja ya mraba. Kwa sala makadirio hayo yanatosha na kubaki, na bora zaidi ni kuikatalia kabisa na kuchagua jina la mji kwa mkono. Kuhusu kibla, wazee wetu walikwishatumaliza: Makka iko kaskazini yetu karibu sawia, ndiyo maana katika Kiswahili chetu kibla na kaskazini ni neno moja.

Picha nazo, kwa mwanamke wa huku, si jambo dogo. Katika simu yako zimo picha za harusi za ndani, za siku ya hina, za nyumbani ukiwa umejifungua mtandio, ambazo usingemwonesha mwanamume asiye maharimu wako hata kwa fedha. Ukiipa programu ruhusa ya picha zote kwa sababu unataka kutuma picha moja ya kitambaa, umezifungulia zote. Na picha hubeba zaidi ya sura: kama kamera yako imeruhusiwa mahali, kila picha huandikwa ndani yake sehemu ilikopigwa na saa yake. Kuanzia Android 14 ya mwaka 2023 kidirisha kina chaguo la kuteua picha unazotaka ziguswe na kuziacha nyingine; lichague hilo kila mara. Kama simu yako ni ya zamani zaidi, tuma picha kwa kutumia kitufe cha kushiriki kutoka katika albamu yenyewe, ambako programu hupokea ile uliyoitoa tu.

Meseji ni hatari ya aina yake, kwani ndani yake mna salio lako la pesa za simu, kila muamala ulioufanya, na zile namba za siri za mara moja ambazo benki hutuma kuthibitisha kuwa ni wewe. Google ilianza mwaka 2019 kuziondoa katika duka lake programu zinazosoma meseji na orodha ya simu zilizopigwa bila ya sababu ya msingi, na hapo tena anayekuja kwa njia ya pembeni hakutani na kizuizi hicho. Ruhusa ya kuikatalia kwa nguvu zote, hata kuliko meseji, ni ile ya huduma za ufikivu, iliyowekwa ili kuwasaidia wasioona na wenye ulemavu mwingine kutumia simu. Anayeipata huweza kusoma kila kinachoandikwa kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako, na ndiyo njia inayopendwa na programu za wizi wa benki. Kama huna mahitaji hayo, hakuna programu ya mkopo, mchezo wala mapambo inayostahili kuipata.

Maikrofoni na kamera sitazirefushia. Watu wengi huniuliza kama simu inawasikiliza ili iwaletee matangazo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walizipima programu zaidi ya 17,000 za Android na kutoa matokeo mwaka 2018. Hawakukuta programu iliyokuwa ikirekodi sauti kwa siri na kuituma, ingawa walikuta zilizokuwa zikirekodi skrini. Kuanzia Android 12 alama ndogo ya kijani hujitokeza juu ya skrini kila kamera au maikrofoni inapotumika. Ukiiona na wewe huna shughuli nazo, ishushe pazia ya juu utazame ni programu gani.

Fanya kazi hii leo ukiwa umekaa. Fungua Mipangilio, nenda kwenye Faragha, kisha sehemu ya kudhibiti ruhusa. Katika baadhi ya simu sehemu hii imo ndani ya Programu. Usiitazame programu moja moja. Fungua "Anwani" uone wote walioruhusiwa, halafu "Mahali", halafu "SMS". Juzi nilikaa barazani na mpwa wangu tukaifanya kazi hiyo katika simu yake. Chini ya Anwani tulikuta programu kumi na nne, miongoni mwake moja ya kupaka rangi picha na moja ya mchezo wa mpira. Kwenye dashibodi ya faragha, inayoonesha matumizi ya saa 24 zilizopita, programu ya hali ya hewa ilikuwa imechukua mahali alipo saa tisa na dakika kumi na mbili usiku, wakati yeye amelala na simu iko chini ya mto. Tuliziondolea ruhusa programu kumi na moja, na mpaka leo hakuna hata moja iliyoacha kufanya kazi aliyoiwekea. WhatsApp tuliiachia, kwa sababu anataka kuona majina ya anaowasiliana nao, ingawa nilimweleza kwamba nayo huzipeleka namba zilizomo kwenye orodha katika seva zake, na kwamba hata akiikatalia angeendelea kuandikiana na watu huku akiona namba badala ya majina. Huo ni uamuzi wake, ameufanya akiujua. Wanao kama wanatumia iPhone, watakuta mipangilio inayofanana, na kuanzia toleo la mwaka 2024 wanaweza kuichagulia programu majina machache badala ya orodha nzima.

Umeuliza mwisho kama ubadilishe namba. Usibadilishe. Namba yako imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho chako, imefungwa na pesa zako za simu na wateja wako wameizoea. Ukiiacha utapoteza wewe, wala mkopeshaji hatapoteza kitu, kwa sababu walichonacho ni namba za wenzako, na hizo hazibadiliki kwa wewe kubadilisha ya kwako. Kilicho mikononi mwako ni kuwatangulia. Waandikie watu wako kabla hawajaandikiwa na hao, kwa maneno machache yasiyoomba radhi kwa kosa ambalo si lako. Unaweza kuyatumia haya:

"Assalaam alaykum. Programu ya mikopo imechukua majina yote yaliyomo katika simu yangu, na namba yako imo. Ukipata meseji inayonitaja kwa deni au kukuita mdhamini, wewe si mdhamini wa mtu, usilipe chochote wala usijibu. Nipigie picha ya meseji hiyo unitumie, naikusanya kwa ajili ya malalamiko. Niwie radhi kwa usumbufu wa namba yako."